Mahindi badala ya sehemu ya kimea kwenye bia: tuanze kuhesabu upande wa kimea

Mpishi wa Kimea

Wakuu, habari za saa hizi.

Swali la mahindi kwenye bia linarudi humu kila baada ya muda, na majibu huwa ni ya asilimia tu. Mmoja anasema weka 20, mwingine 30, wa tatu anakataza kabisa. Asilimia peke yake haimsaidii mtu, kwa sababu haisemi ni kimea gani kimekaa upande wa pili. Nimeona nifungue uzi tulijadili suala hili kwa kina, kwa sababu naliona linastahili.

Msimamo wangu ni huu: mahindi yanaleta wanga, basi. Vimeng'enya vya kuugeuza huo wanga kuwa sukari, naitrojeni ya kulisha hamira, protini za povu, maganda ya kuchujia, vyote vinatoka kwenye kimea cha shayiri. Kila kilo ya mahindi unayoingiza ni mzigo unaombebesha mwenzake. Kwa hiyo usiulize uweke mahindi kiasi gani kabla hujajua vimeng'enya vya kimea chako vina nguvu gani.

Nguvu hiyo hupimwa kwa nyuzi za Lintner, na muuzaji makini huiandika kwenye karatasi ya vipimo vya kimea. Kimea cheupe cha lager (bia inayochachushwa kwenye baridi) cha shayiri ya mistari miwili, yaani yenye mistari miwili ya punje kwenye suke, mara nyingi huwa na nyuzi 100 hadi 140. Shayiri ya mistari sita hufika 150 na kupita. Kimea cha ale (bia inayochachushwa kwenye joto la juu zaidi) cha Kiingereza huwa karibu na 50. Munich, kimea cha rangi iliyokolea, hushuka hadi 40 au chini yake, kwa sababu kimekaushwa kwa joto kali na vimeng'enya vingi vimekufa. Kimea cha karameli na kilichochomwa ni sifuri, na mahindi nayo ni sifuri.

Chukua kilo 10 za nafaka, 7 kimea na 3 mahindi. Kama kimea ni cha nyuzi 110, unazidisha 7 kwa 110 unapata 770, unagawa kwa 10, mchanganyiko una 77. Uko salama kabisa. Fanya hivyo hivyo kwa kimea cha ale cha 50, unapata 35, umefika ukingoni. Kwa Munich ya 40 unapata 28, na hapo wanga utabaki bila kuvunjwa hata ukisubiri. Asilimia 30 ni ile ile mara zote tatu, ila matokeo hayafanani hata kidogo. Wengi huweka mpaka wa chini kwenye 35 hivi. Mimi napenda mchanganyiko usishuke chini ya 50, maana kimea kikikaa stoo muda mrefu nguvu zake hupungua na karatasi ya vipimo haitakuambia.

Karibuni.

Jiko la Nyuma

Uzi mzuri sana mkuu. Naomba kuuliza la msingi: mahindi ya aina gani? Mimi ninao unga tu. Naweza kuumwaga pamoja na kimea nikaendelea kama kawaida kwenye nyuzi joto 66?

Mpishi wa Kimea

Karibu mkuu. Ukimwaga unga mbichi kwenye nyuzi 66 utapata sukari kidogo na matope mengi. Sababu ni kwamba vimeng'enya haviwezi kuushika wanga ambao haujaiva. Chembe ya wanga inatakiwa kwanza inywe maji, ivimbe na kupasuka. Wanga wa shayiri hufanya hivyo kati ya nyuzi 60 na 65, yaani katika joto lile lile ambalo vimeng'enya vyake vinafanya kazi, ndiyo maana kimea kitupu hakisumbui. Wanga wa mahindi huanza kwenye 62 na humalizikia kwenye 75 hivi. Tena hicho ni kipimo cha wanga uliosafishwa. Kwenye punje yenyewe wanga umebanwa ndani ya protini ngumu, na hautoki vizuri mpaka uchemke. Wakati huo beta-amilesi, kimeng'enya kinachotengeneza sukari ya maltosi, huanza kufa haraka ukipita 65. Joto la mahindi na joto la kimea hayakutani, ndiyo maana mahindi mabichi hupikwa sufuria yake.

Kuhusu aina: dona achana nayo kabisa. Dona ina kiini cha mbegu ndani, na mafuta ya mahindi karibu yote yako kwenye kiini. Mafuta yanaua povu, na yakikaa yanachacha, unapata bia yenye ladha ya mafuta ya zamani. Sembe iliyokobolewa vizuri ina nafuu kwenye mafuta, ila ule ulaini wake unaleta mabonge wakati wa kupika na unaziba kichujio wakati wa kuchuja. Kinachofaa zaidi ni chenga za mahindi yaliyokobolewa na kutolewa kiini, chenga za ukubwa wa mchanga mkubwa. Viwanda vya bia hutaka chenga zenye mafuta chini ya asilimia 1.

Kama hutaki kupika, kuna mahindi bapa, yale yaliyopitishwa kwenye mvuke kisha yakabanwa kwa rola za moto. Hayo wanga wake umeshaiva. Unayachanganya na kimea moja kwa moja.

Hopsi Kavu

Na bisi je? Bisi si zimeshaiva?

Mpishi wa Kimea

Ndiyo mkuu, bisi zinafanya kazi. Punje inapopasuka kwa moto wanga wake unaiva papo hapo. Zikaange bila mafuta wala chumvi, uzivunjevunje, ndipo uzitie kwenye rojo la kimea. Tatizo ni ujazo, kilo moja ya bisi inajaza chombo kizima na inaelea. Kwa kilo tatu sikushauri.

Binti Hamira

Habari zenu kaka zangu. Naomba mkuu utuwekee hatua za kupika chenga zenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanaunguza sufuria. Na uziweke na vipimo tafadhali, maneno ya "kiasi cha kutosha" hayatusaidii tunaoanza.

Mpishi wa Kimea

Sawa dada, nitatumia mfano ule ule wa kilo 10, unaokupa lita 45 hivi za maji ya kimea (maji matamu yanayochujwa kutoka kwenye rojo) yenye Plato 12, yaani sukari karibu asilimia 12 ya uzito, kama uchujaji wako si mbaya.

Kwenye zile kilo 7 za kimea, toa gramu 600 zilizosagwa. Hizo zinaingia kwenye sufuria ya mahindi pamoja na kilo 3 za chenga na lita 12 za maji. Pandisha hadi nyuzi 70 na ukae hapo dakika 15 huku unakoroga. Hatua hii watu huiruka kwa haraka, kumbe ndiyo inayookoa sufuria. Alfa-amilesi, kimeng'enya kingine kilichomo kwenye zile gramu 600, inafanya kazi vizuri kwenye joto hilo, na inakata nyuzi ndefu za wanga kadiri zinavyofunguka. Utaona kwa macho: uji unaanza kuwa mzito, mwiko unasimama, kisha baada ya dakika chache unalegea na kuanza kumiminika tena. Ukishaona umelegea, ndipo uongeze moto polepole hadi uchemke. Chemsha dakika 20 hadi 30. Usiache kukoroga, na mwiko uguse chini ya sufuria, hasa pembezoni ambako moto unakutana na ukuta. Mahindi yakishika chini harufu ya kuungua haitoki tena kwenye bia, hata ungechemsha saa ngapi.

Wakati mahindi yanachemka, loweka zile kilo 6.4 za kimea zilizobaki kwenye chombo kikuu kwa lita 16 za maji, zitulie kwenye nyuzi 46. Mahindi yakiwa tayari, yamimine yakiwa bado yanatokota ndani ya kimea, kidogo kidogo, huku mtu mwingine anakoroga na themometa iko ndani. Kwa vipimo hivyo utatua karibu na nyuzi 66. Vyombo havifanani, kwa hiyo ukiona umefika 66 na mahindi bado yapo, acha kumimina, yaliyobaki yapoe kidogo kwanza. Weka lita mbili za maji baridi pembeni kwa dharura. Ukipitiliza hadi 75 umeshaua beta-amilesi na haifufuki.

Kaa hapo saa nzima, kisha pima kwa iodini: ikigeuka bluu, wanga bado upo.

Mtu wa Takwimu

Mkuu, umesema zile gramu 600 zichemshwe pamoja na maganda yake. Sisi tumefundishwa tusichemshe kimea kwa sababu maganda yanatoa ukakasi. Hapo umetuchanganya.

Mpishi wa Kimea

Hoja nzuri. Ukakasi wa maganda unatoka pale ambapo joto ni kubwa na pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua) nayo imepanda. Rojo zito lenye pH 5.2 hadi 5.5 halitoi ukakasi wa kutisha hata likichemka. Wajerumani wamechemsha sehemu ya kimea chao miaka na miaka kwa njia ya kuchota rojo, kuchemsha na kurudisha, na lager zao hazina ukakasi. Ukakasi unawapata zaidi watu wanaosuuza machicha kwa maji mengi ya moto yenye pH ya juu.

Hapo hapo niongeze: mahindi hayashushi pH kama kimea kinavyoshusha. Kama maji yako ni magumu, yaani yana bikaboneti nyingi, ukiondoa theluthi ya kimea utaona pH imepanda. Pima, na kama ni lazima ongeza asidi laktiki kidogo.

Povu Jeupe

Niwe mkweli wakuu, mimi hili jambo silipendi. Bia ni shayiri, hopsi (maua ya kutia uchungu), maji na hamira. Kuweka mahindi ni kuchakachua ili mwenye kiwanda apate faida. Sheria ya Bavaria, kule Ujerumani, ya 1516 iliona mbali.

Shayiri Sita

Mkuu Povu Jeupe, heshima yako, ila historia ina upande mwingine. Ile sheria ya 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji. Hamira haikutajwa. Sehemu kubwa ya andiko lile ilihusu bei ya bia, na inaelezwa pia kwamba ngano na rai zilitakiwa ziachiwe waoka mikate. Halikuwa suala la ladha peke yake.

Angalia Marekani karne ya 19. Watengenezaji bia waliotoka Ujerumani walikuta shayiri inayostawi kule ni ya mistari sita. Ina protini nyingi, ganda nene na vimeng'enya vingi kuliko walivyozoea. Ukipika lager ya kimea hicho kitupu inatoka nzito, na ikipoa inaweka ukungu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 mkemia mmoja mzaliwa wa Bohemia, Anton Schwarz, alikuwa New York akiwahimiza na kuwafundisha namna ya kuingiza mchele na mahindi kwa kupika sufuria ya pili. Nafaka mbichi zilipunguza ile protini, na vimeng'enya vya ziada vikapata kazi. Mahindi yalitibu kasoro ya kimea chao. Kwa wakati ule bia za namna hiyo hazikuwa za bei rahisi kuzitengeneza, maana zilitaka chombo cha ziada, kuni za ziada na muda wa ziada.

Uingereza nako, mwaka 1880 William Gladstone aliifuta kodi ya kimea akaweka kodi kwenye uzito (wingi wa sukari) wa maji ya kimea. Tangu hapo mpishi akawa huru kuchagua nafaka, na mahindi bapa yakaingia kwenye bitter (ale chungu) za Kiingereza hadi leo. Sioni udanganyifu hapo.

Povu Jeupe

Nimekuelewa kwenye historia mkuu. Ila ladha? Hizo bia nyepesi za viwandani hazina kitu mdomoni.

Mpishi wa Kimea

Wepesi wa mdomoni ndio unaotafutwa kwenye aina fulani za bia. Mahindi hayaleti karibu protini yoyote inayoyeyuka, kwa hiyo bia inakuwa na rangi hafifu, inang'aa na kumaliza kwa ukavu, na kuna utamu mdogo wa mviringo ambao mchele hauna. Pilsner za Kimarekani za kabla ya marufuku ya pombe zilikuwa na mahindi asilimia 20 hadi 30 na hopsi za kutosha, na ukiipika vizuri leo utaona ni bia yenye sura yake. Ila mtu akitaka bia nzito ya Munich, mahindi hayana nafasi, hapo niko pamoja nawe kabisa. Na hizo za viwandani unazozilalamikia, mara nyingi kilichokosekana ni hopsi. Onja bia yenye robo ya mahindi na uchungu wa kutosha halafu urudi hapa utuambie.

Jiko la Nyuma

Wakuu mimi nina kesi. Bia yangu ya mwisho ina mahindi asilimia 20 na inanuka mahindi ya kuchemsha waziwazi. Nimeshaanza kuamini kwamba mahindi hayanifai.

Binti Hamira

Kaka, kabla hujayalaumu mahindi, niambie ulichemsha maji ya kimea muda gani, na sufuria ilifunikwa?

Jiko la Nyuma

Dakika 45, nusu kifuniko ili kuokoa gesi. Kimea ni cheupe kabisa cha pilsner.

Binti Hamira

Basi jibu liko hapo. Harufu ya mahindi ya kuchemsha kwenye bia ni dimethili salfaidi, na chanzo chake kikuu ni kimea cha shayiri. Ndani ya kimea kuna kiambata kinachoitwa S-methili-methionini. Kikipata moto kinavunjika na kutoa gesi hiyo. Kimea kilichokaushwa kwa joto dogo kama pilsner kinabaki na kiambata kingi, kimea cha rangi zaidi kimeshakipoteza kwenye tanuri. Gesi yenyewe inaondoka kirahisi na mvuke, ila ukifunika inakuwa matone kwenye kifuniko na kurudi ndani. Chemsha dakika 90, sufuria wazi, mchemko wa nguvu, na ukimaliza poza haraka kwa sababu inaendelea kutengenezwa maadamu maji ni ya moto.

Mahindi yamebebeshwa kosa lisilo lake kwa sababu ya kufanana harufu tu. Hata bia ya kimea kitupu inaweza kunuka hivyo. Na kwa kweli ukiweka asilimia 20 ya mahindi umepunguza chanzo cha harufu hiyo kwa kiasi hicho hicho.

Jiko la Nyuma

Daah, asante sana dada. Hili sikulijua. Nitachemsha wazi.

Mtu wa Takwimu

Swali langu ni la hamira. Nimeona watu wakifika asilimia 40 uchachushaji unasinzia na bia inatoa harufu ya salfa. Je, ni sukari imekosekana?

Binti Hamira

Sukari ipo tele, kilichokosekana ni naitrojeni. Hamira inajenga mwili wake kwa asidi amino, na hizo zinatoka kwenye kimea. Protini kuu ya mahindi ni zeini, na zeini haiyeyuki kwenye maji, inabaki kwenye machicha. Maji ya kimea kitupu yenye Plato 12 huwa na miligramu 200 au zaidi za naitrojeni inayoliwa kwa kila lita. Hamira ili ifanye kazi bila manung'uniko inataka 150 hivi. Ukiweka mahindi asilimia 30 unabaki na 140 mpaka 150, yaani umegusa mpaka. Asilimia 40 umeshuka hadi 120.

Hapo ndipo matatizo unayoyasema yanaanza. Hamira haizaliani vya kutosha, inatoa salfa. Kuna na lingine: asidi amino ya valini ikipungua, hamira inaitengeneza yenyewe, na njiani inavuja kitu kinachogeuka kuwa daiasetili, ile harufu ya siagi. Ukiona bia ya mahindi mengi inanuka siagi baada ya wiki moja, usiharakishe kuifunga. Iache na hamira yake kwenye joto la juu kidogo siku mbili tatu, itaila tena.

Dawa ni kuongeza chakula cha hamira, kupuliza hewa vizuri mwanzoni, na kutia hamira nyingi zaidi ya kawaida. Na zinki kidogo, kama miligramu 0.2 kwa lita, inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Hopsi Kavu

Je, mtu anayetaka kwenda 60? Kuna vimeng'enya vya dukani siku hizi.

Mpishi wa Kimea

Vipo mkuu. Kuna alfa-amilesi inayotengenezwa na bakteria Bacillus licheniformis, hiyo inavumilia joto la nyuzi 90 na zaidi, kwa hiyo unaitia kwenye sufuria ya mahindi na huhitaji kimea pale. Viwanda vingi vinafanya hivyo. Lakini ona: umetatua wanga tu. Bado naitrojeni, bado povu, bado maganda. Mahindi hayana ganda la kutengeneza kitanda cha kuchujia, ukipita 40 machicha yanashikamana na maji hayashuki, itabidi uongeze makapi ya mpunga yaliyooshwa. Utakuwa unanunua kimoja kimoja vitu ambavyo kimea kingekuletea vyote kwa pamoja. Sheria pia zinaangalia hilo. Japani, mpaka 2018, kinywaji hakikuitwa bia kisheria kama kimea hakijafika asilimia 67, kisha wakashusha hadi 50.

Ukiniuliza mimi, 20 hadi 30 kwa kimea cha lager ndipo mahindi yanapopendeza.

Shayiri Sita

Mkuu, na kuotesha mahindi yenyewe? Watu wa Andes, milima ya Amerika Kusini, wana pombe ya chicha ya jora, ni mahindi yaliyooteshwa, na imewanywesha karne nyingi.

Mpishi wa Kimea

Ni kweli, na ni kazi ya kuheshimiwa. Kimea cha mahindi kina alfa-amilesi ya kufaa, ila beta-amilesi ni kidogo sana ukilinganisha na shayiri, kwa hiyo maltosi inakuwa pungufu. Na bado ule ugomvi wa joto uko pale pale, wanga wa mahindi yaliyooteshwa nao unataka kupikwa na ukiupika unaua vimeng'enya. Njia ni kuloweka kimea hicho kwenye joto dogo, kuchota yale maji ya juu yenye vimeng'enya na kuyatunza, kuchemsha masalia, kuyapoza hadi 65 kisha kuyarudishia maji yake. Kwa lengo la uzi huu, yaani kubadili sehemu ya shayiri, faida yake ni ndogo kuliko kazi yake.

Binti Hamira

Kuna jambo ambalo halijatajwa na mimi naliona ni kubwa kuliko ladha. Sumukuvu. Kuvu wa Aspergillus flavus akiota kwenye mahindi anaacha aflatoksini, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha. Dakika 90 za mchemko haziigusi vya kutegemewa. Fumonisini ya kuvu wa Fusarium nayo inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo inaingia kwenye bia yenyewe. Tafadhali msitumie mahindi mabovu kwa kisingizio kwamba "yanakwenda kwenye pombe". Mahindi yenye harufu ya uvundo, punje zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au zambarau isiyo ya kawaida, zilizotobolewa na wadudu, hayo si ya bia, si ya mtu, na si ya mfugo. Machicha nayo msimpe ng'ombe wa maziwa kama mahindi yalikuwa ya mashaka, kwa sababu sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa.

Na mjue kwamba kuvu anaweza kuwa ameondoka kwa macho na sumu imebaki. Chenga hazionyeshi punje ilikuwaje kabla ya kusagwa. Kama unanunua kwa wingi, dai kipimo.

Povu Jeupe

Dada hapo umesema kitu. Hili lingepaswa kuwa bandiko la kwanza.

Jiko la Nyuma

Naunga mkono. Na kuna rafiki yangu asiyekula gluteni, aliambiwa bia ya mahindi inamfaa. Ni kweli?

Binti Hamira

Hapana kaka, na umwambie mapema. Mahindi hayana gluteni inayomdhuru, ila asilimia 70 iliyobaki ni shayiri, na shayiri inayo. Kubadili sehemu kunapunguza tu, hakuondoi. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye gluteni inamdhuru utumbo, asiiguse.

Hopsi Kavu

Nilisikia pia mahindi yanatoa methanoli, ile inayopofusha.

Mtu wa Takwimu

Hiyo nijibu mimi. Methanoli kwenye uchachushaji inatokana na pektini, na pektini iko kwa wingi kwenye matunda. Mahindi yana kidogo mno. Wanaopofuka wanakuwa wamekunywa pombe iliyotiwa methanoli ya viwandani. Bia yako ya mahindi haina tatizo hilo.

Jiko la Nyuma

Mkuu Mpishi, la mwisho kwangu. Kimea nilichobaki nacho ni cha ale, karatasi inasema nyuzi 55, ninazo kilo 8. Na nikipima iodini inakuwa bluu kila mara hata nikisubiri saa moja na nusu. Nifanye nini?

Mpishi wa Kimea

Kwanza iodini. Chota tone la maji matupu, bila ganda wala chembe ya chenga, kwenye sahani nyeupe, na liache lipoe. Ganda lenyewe linageuka bluu hata wanga wa kwenye maji ukiwa umeisha, na tone la moto halionyeshi rangi vizuri. Likipoa na bado ni bluu au zambarau iliyokolea, hapo wanga upo kweli. Tone lililopimwa limwage, usilirudishe kwenye chombo.

Kisha hesabu. Kilo 8 mara 55 ni 440. Ukiongeza kilo 2 za mahindi, gawa kwa 10, una 44. Inafanya kazi, ila upe muda wa dakika 90 kwenye nyuzi 64 hadi 65. Usipande 67 kwa sababu vimeng'enya ulivyonavyo ni vichache na huna vya kupoteza. Ukiweza kupata kilo 2 za kimea cha lager cha 120 ubadilishe na kilo 2 za hicho cha ale, unapata 6 mara 55 jumlisha 2 mara 120, ni 570, mchanganyiko unapanda hadi 57. Mimi ningefanya hivyo.

Na chenga zilizobaki usiziache kwenye mfuko wazi jikoni. Ziweke kwenye chombo kinachobana, pakavu, na usinunue nyingi za kukaa, kwa sababu hata yale mafuta kidogo yaliyobaki yanachacha. Kabla ya kupika nusa, kisha tafuna chache. Zikiwa na uchungu kwenye koo, zitupe.